Kuni za Jumanne

RISALA YA WAPIMAJI WA MOSHI WA KIJIJI CHA ILINDIMA, WILAYA YA BAHI, KWA MGENI RASMI, SIKU YA KUFUNGA MRADI

Kukaribisha

Mgeni rasmi, Daktari Paskazia Rwezaura, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Kupima Hewa Ukaa ya Kaya na Biashara Ndogo, Mwenyekiti wa kijiji, Afisa Mtendaji, Mchungaji, wazee wetu, shikamooni, nanyi wananchi wenzetu mliokuja baada ya kusikia kuna turubai na soda: mbukwenyi.

Mgeni rasmi, katika risala nyingi mgeni huambiwa kwamba wenyeji wamefurahi kupita kiasi. Sisi ulitufundisha kuandika kipimo kilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Kwa hiyo tunasema tumefurahi kukuona, na pia tuna huzuni, kwa sababu umekuja kufunga.

Tunaomba radhi kwa jambo moja. Afisa Mtendaji aliisahihisha risala hii mara mbili na akasema isizidi kurasa mbili. Ameziona kurasa mbili. Zilizobaki tuliziandika jana na leo asubuhi, baada ya kupokea barua yako, na lawama zote ni za katibu ambaye ndiye anayesoma hapa, Priska Ndahani.

Utaona pia spika imeelekezwa upande wa reli, ambako hakuna mtu. Si kosa la fundi. Tumeigeuza sisi, na sababu utaisikia mbele.

Historia yetu

Kikundi chetu kilianza miaka miwili iliyopita tukiwa saba. Tulifundishwa siku nne mjini Dodoma, katika ukumbi wenye viyoyozi, tukapewa kishikwambi kimoja, madaftari na mizani moja ya kuning'iniza yenye ndoano. Tulifundishwa kwamba kila kitu ambacho mtu anakiwasha, anakipanda au anakinunua kinatoa hewa inayochafua anga, na kwamba hewa hiyo ina kilo zake ingawa haionekani. Kuni zina kilo zake. Safari ya bodaboda kwenda Bahi ina kilo zake. Hata kipande cha sabuni, kwa kuwa kilitengenezwa kiwandani na kuletwa na lori, kina kilo zake.

Tulirudi tukapita kaya mia mbili na kumi na mbili, pamoja na mashine ya kusaga, maduka, mgahawa na matanuri ya matofali. Kila kaya ilipangiwa siku moja ya kutembelewa kwa wiki. Tulikuwa tukipima kuni au mkaa wa siku hiyo, tunaandika manunuzi ya wiki, kishikwambi kinazidisha mara saba, tunatuma.

Kazi hii, mgeni rasmi, ni ya upweke kuliko tulivyotarajia. Hakuna mtu anayempenda anayekuja kuchungulia chungu chake. Tuliitwa Watu wa Moshi. Tukifika dukani mazungumzo yalikatika. Mwenzetu mmoja aliacha baada ya shemeji yake kumuuliza mbele za watu kama sasa anapima na pumzi za wagonjwa. Wawili wengine wamehamia mjini. Tumebaki wanne.

Lakini tuliona ambayo hatukuwa tumeyaona tukiwa majirani tu. Katika kaya zile mia mbili na kumi na mbili, kaya thelathini na nane ni za mtu mmoja. Kishikwambi kinaandika "idadi ya wanakaya: 1" na kuendelea na swali linalofuata. Sisi tuliandika majina yao pembeni kwa kalamu, maana ni watu tunaowajua, na hatukuwa tumejua kwamba wamefika thelathini na nane.

Mafanikio

Yapo, na hatuyafichi.

Kwanza ni mashine ya kusaga ya Mzee Abdulwahab. Kabla ya mradi aliwasha injini kila mtu mmoja alipokuja na debe lake, na ikabaki inanguruma ikisubiri mwingine. Tulimwonyesha namba zake. Siku ya tatu alibandika tangazo: kusaga ni Jumatatu na Ijumaa tu. Dizeli ya wiki imeshuka kutoka lita ishirini hadi kumi na mbili. Na kuna jambo ambalo halimo katika taarifa yako: siku hizo mbili kina mama wote wanakutana pale, na kelele za vicheko zinashindana na injini. Mzee Abdulwahab analalamika kwamba hamsikii mteja anayemwagiza, lakini benchi la pili amelileta yeye mwenyewe.

Pili, kaya arobaini zimeanza kukausha kuni vizuri kabla ya kuzichoma, na wachoma matofali wamekubali kujaza tanuri ndipo wawashe.

Tatu, kijiji chetu kimetoa Kaya ya Mfano ya mradi mzima. Barua yako ya juzi inasema kaya namba 117 ndiyo yenye hewa ukaa ndogo kuliko kaya zote za vijiji sita, na kwamba leo utaikabidhi cheti "kwa kutambua nidhamu ya hali ya juu katika matumizi ya nishati", pamoja na jiko banifu la kisasa.

Kaya namba 117 ni ya Bibi Ruthu Chidawali. Hayupo hapa. Yuko nyumbani kwake, ile nyumba ya tembe nyuma ya tanuri, anapika. Tulihakikisha hivyo kabla hatujaanza kusoma, na hiyo ndiyo sababu ya spika.

Jumanne

Mgeni rasmi, kichwa hiki hakimo katika mpangilio wa risala tulioupata kwa Afisa Mtendaji. Tunaomba utuvumilie.

Mwaka jana mtaalamu wenu wa takwimu, Bwana Cornel, alitupigia simu kutoka mjini. Akauliza, "Jumanne hapo Ilindima kuna nini? Mnada?" Tukamwambia mnada wetu ni mwisho wa mwezi. Akasema, "Basi elezeni. Kaya zenu za Jumanne zinachoma kuni kuliko kijiji chochote kwenye mradi."

Tulikaa tukajiuliza, na jibu lilitutia aibu. Kaya za Jumanne ni za mwenzetu Meshack, aliyekaa hapo kushoto na kofia mkononi. Wengine tulikuwa tukipita saa za asubuhi. Meshack, kwa kuwa ana shamba la mpunga, alikuwa anapita kuanzia saa sita. Na hapa kwetu mgeni akikukuta saa sita hawezi kuondoka bila kula, hata kama amekuja na mizani kupima kuni utakazompikia. Watu walikuwa wanamwashia moto Meshack, Meshack anaupima, kishikwambi kinauzidisha mara saba. Alikuwa akipima moto wake mwenyewe. Mwaka mzima hakuna kati yetu aliyeliona, kwa sababu kulishwa kwetu ni jambo la kawaida mno kuandikwa.

Tukabadilisha utaratibu. Tukaanza kupima rundo lote la kuni tunapoondoka, kisha tunalipima tena wiki inayofuata tunapofika. Kaya nyingi zilishuka kidogo tu.

Kwa Bibi Ruthu, Meshack alipofika Jumanne ya pili alikuta rundo lina kilo zilezile alizoziacha. Alidhani mizani imeharibika. Akajitundika mwenyewe kwenye ndoano, akakuta uzito wake ni uleule. Jumanne ya tatu, vilevile. Ya nne, vilevile. Siku sita hakuna hata kijiti kilichopungua. Akipika siku ya Meshack, zinatoka kilo tatu. Kisha basi.

Akamuuliza, na maneno yao tunayasoma kama Meshack alivyotueleza.

"Bibi, mbona kuni hazipungui?"

"Zipungue ziende wapi?"

"Hupiki siku nyingine?"

"Nimpikie nani, mjukuu wangu? Ukija wewe napika ugali na mlenda, tunakula, kinachobaki nakila Jumatano na Alhamisi. Halafu kuna karanga. Mtu mmoja na karanga na maji anafika Jumanne bila taabu."

"Na moto? Usiku huu wa Juni na baridi hii?"

"Nina blanketi. Hizo kuni alizikata Zablon. Zikiisha, cha mkono wake kitabaki nini hapa ndani?"

Zablon ni mwanawe wa mwisho. Kabla ya mradi kuanza alimletea mama yake mkokoteni mzima wa kuni za mgunga, akazipanga vizuri ukutani, akaenda kutafuta kibarua kwenye ujenzi wa uwanja wa ndege kule Msalato. Mavuno mawili yamepita hajarudi. Hatumsemi vibaya. Vijana wetu wengi wako huko, na wengine wanatusikia sasa hivi kwenye simu za ndugu zao.

Tulirudi kwenye madaftari ya nyuma. Katika safu ya manunuzi ya Bibi Ruthu, kiberiti kimoja kilimtosha kuanzia Pasaka hadi Krismasi. Tulikuwa tumekiona. Tulidhani anaomba kaa la moto kwa jirani kama wengi wetu tunavyofanya, na mmoja wetu aliandika pembeni: "Hongera." Kiberiti kina njiti kama arobaini. Kutoka Pasaka hadi Krismasi mwaka ule kulikuwa na Jumanne thelathini na sita.

Mgeni rasmi, sisi tunaishi hatua mia tatu kutoka kwake. Tumezaliwa tukimwamkia. Ilitubidi kupewa mizani na watu wa mjini ndipo tujue kwamba mama huyu anawasha moto mara moja kwa wiki. Hilo linatuuma, na tumeona tuliseme kwa sauti hata kama ni kwa spika iliyogeuzwa.

Changamoto

Changamoto ya kwanza ni kishikwambi. Tulipoandika matumizi ya siku sita kuwa sifuri, kilikataa na kuuliza kama kaya ipo. Tulithibitisha ipo. Katika safu ya maoni Meshack aliandika: "Hawashi moto kwa kuwa hana wa kumpikia." Bwana Cornel alitueleza kwa upole kwamba safu ya maoni haijumlishwi. Ndivyo upweke wa Bibi Ruthu ulivyofika mjini ukiwa nidhamu, na leo umerudi ukiwa cheti.

Changamoto ya pili ni Bibi Ruthu mwenyewe. Usidhani hatukujaribu. Katibu alimpelekea bakuli la wali. Bakuli lilirudi jioni na wali wake, na juu yake konzi mbili za karanga, maana kwake ni aibu kurudisha chombo bila kitu chake. Tulimwalika Krismasi, akasema miguu. Mchungaji alikwenda, akapewa kigoda na maji ya kunywa, wakasali, akaondoka. Hakuna moto uliowashwa.

Mwezi wa tatu mwaka huu mliichukua mizani kwenda kuikagua, mkakaa nayo wiki tatu. Meshack aliendelea kwenda kila Jumanne mikono mitupu. Bibi alimtazama mikono, akasema, "Mizani iko wapi?" Akajibiwa iko mjini. "Basi leo hujaja kazini. Umekuja kunionea huruma. Kaa unywe maji." Wiki tatu zile hakupika. Mizani iliporudi, alipoiona tu kwenye bega la Meshack, aliinuka kwenda kuchukua kuni na akaanza kumgombeza kwa kuchelewa.

Hapo tukaelewa. Mtu wa kazi analishwa, na anayemlisha ana heshima yake. Mtu wa huruma anapewa maji. Mizani yako, mgeni rasmi, ndiyo inayopika kwa Bibi Ruthu.

Changamoto ya tatu ni kwamba barua yako inasema vifaa vyote virudishwe leo.

Maombi

Kwanza, tunaomba utuachie mizani. Hatuombi posho wala baiskeli. Tunajua ni ya zamani na chemchemi yake imelegea kidogo. Hata ingekuwa imekufa kabisa tungeiomba, mradi ndoano ionekane. Kishikwambi chukueni.

Pili, tunaomba cheti kibaki ndani ya gari. Bibi Ruthu ni mtu anayeshika neno. Ukimwambia mbele ya kijiji kwamba Serikali na wafadhili wamemsifu kwa kuwasha moto mdogo, ataupunguza ili asikuangushe. Kilichobaki cha kupunguza ni Jumanne. Tunaomba sana, mgeni rasmi. Mpe hata mshindi wa kijiji kingine, au mpe Mzee Abdulwahab, ambaye nidhamu yake ni ya kweli na anapenda kubandika vitu ukutani.

Tatu, jiko banifu tunaliomba, lakini asipewe kama zawadi. Zawadi atairudisha na karanga juu yake. Tunaomba umwambie kwa kinywa chako kwamba jiko hili ni jipya, halijaaminika, na mradi unamwomba alijaribu, na kwamba wapimaji watakuja Jumanne na Ijumaa kuona kuni zinazotumika. Ijumaa tumeiongeza sisi. Huo ni uongo mdogo. Tulimuuliza Mchungaji, naye alikohoa tu, hakusema tusifanye.

Na una faida kwa hesabu zako pia. Asubuhi ya leo, kuni za kupikia leo zikiwa zimeshatolewa, rundo la Zablon lilikuwa na kilo arobaini na moja. Kwa moto wa mafiga, hizo ni Jumanne kumi na tatu, kisha ukuta unabaki mtupu. Kwa jiko lile, kama maelezo ya kwenye boksi ni ya kweli, zinakuwa mara mbili. Tunataka zimkute Zablon bado zipo. Namba ya msimamizi wake wa kazi tumeipata, na wiki hii tumemtumia Zablon kupitia kwake ujumbe wa maneno machache: "Kuni ulizomkatia mama zinakwisha." Hajajibu bado.

Nne, katika mradi wenu mwingine, tunaomba pawe na swali moja zaidi: moto huu wanakula wangapi? Na jibu lijumlishwe.

Tano ni ombi la mwisho, na linahusu muda wako. Ratiba inasema utaondoka saa saba. Sisi ni wapimaji, tusamehe, tumepima. Umekuja na magari matatu kutoka mjini, kwenda na kurudi yatatumia lita kama hamsini za dizeli. Kwa hesabu mliyotufundisha ni kilo mia moja thelathini na tano za hewa ukaa. Ni sawa na Jumanne ishirini na saba za Bibi Ruthu, zaidi ya nusu mwaka wa moto wake. Hatusemi hivi kukusuta. Barabara ni mbaya na basi halifiki. Tunasema kwamba hewa hiyo imeshatoka, na ya kurudi haitaongezeka hata kidogo ukiondoka saa kumi badala ya saa saba. Basi usiondoke saa saba.

Mwisho

Mgeni rasmi, jana jioni tulimwambia Bibi Ruthu kwamba mkubwa wa mizani anakuja mwenyewe kutoka Dodoma kukagua kazi. Hakuuliza habari ya zawadi. Aliuliza, "Anakula mlenda?" Hatukujua, tukasema anakula.

Leo asubuhi Meshack alimkuta ameshateremsha kuni, amezifunga, zinamsubiri zipimwe kabla hajawasha. Kwa Meshack hutoa kilo tatu. Leo ametoa sita. Meshack alimwambia ni nyingi, akajibu, "Mgeni ametoka mbali, pima uandike." Ameandika.

Moshi ule mwembamba unaouona nyuma ya tanuri, mgeni rasmi, ni huo. Katika siku zote tulizofanya kazi na mradi wako, tulifundishwa kuutazama moshi kama kitu cha kupunguza, na kwa tanuri na kwa mashine tunakubali kabisa. Ila ule tunakuomba uuache uendelee.

Mungu akulinde barabarani, akupe jioni isiyo na haraka, na siku utakapokuwa na umri wa Bibi Ruthu akuletee mtu mlangoni mwenye kazi ya kufanya nyumbani kwako.

Mizani iko hapa mezani. Tumeifuta vumbi. Tunaomba uibebe mwenyewe begani mpaka kwake, akuone ukija nayo.

Ni sisi,
Wapimaji wa Moshi wa Ilindima,
wanne tuliobaki.